Kurudishia pistoni na silinda ya injini ya mipigo miwili

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina pikipiki ya magurudumu manne yenye injini ya mipigo miwili inayopozwa kwa hewa, ambayo oili yake huchanganywa na petroli ndani ya tanki. Ilinoki, yaani pistoni ilikwama ndani ya silinda, nikiwa nimevuta mafuta hadi mwisho kwenye njia ndefu iliyonyooka. Nimefungua sehemu ya juu na kukuta pistoni imekwaruzika vibaya upande wa eksozi, na silinda ina michirizi michache. Nimeshanunua pistoni mpya, ringi na gasketi. Naomba unieleze utaratibu wa kurudishia, nati zikazwe kiasi gani, na kama nipake silikoni kwenye gasketi ya chini kwa usalama zaidi.

JIBU: Ndugu msomaji, maelezo yako yanataja jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo linalostahili kutangulia. Pistoni iliyokwaruzika upande wa eksozi peke yake, baada ya mwendo mrefu wa kuvuta mafuta hadi mwisho, kwa kawaida imeharibiwa na mchanganyiko mwepesi, yaani hewa nyingi na petroli kidogo. Na kwa kuwa oili yako husafiri ndani ya petroli, petroli inapopungua ulainishaji nao hupungua wakati uleule joto linapopanda. Ukiifunga pistoni mpya bila kujua upungufu huo ulitoka wapi, utaiharibu kwa njia ileile. Ingekuwa mikwaruzo iko pande zote nne, ningeshuku nafasi ndogo mno kati ya pistoni na silinda, au injini iliyokimbizwa kabla haijapata joto. Na ingekuwa sketi ya pistoni (sehemu yake ya chini ya pembeni) imelika na kufifia upande wa kuingilia hewa, ningekuelekeza kwenye vumbi linalopita kichujio cha hewa.

Basi anza kwa kusafisha kabureta na kuhakikisha jeti kuu, yaani kile kitundu kinachopima petroli, haijaziba, kisha angalia koki na kichujio cha mafuta. Ukunje kwa vidole ule mpira unaounganisha kabureta na injini, kwa maana nyufa zake hujificha hadi mpira upinde. Sili ya krenki (mpira unaozuia hewa kupita pembeni mwa ekseli ya krenki) upande wa sumaku ndiyo inayosahaulika zaidi: ikichakaa huvuta hewa kimyakimya, wakati ile ya upande wa klachi hujitambulisha kwa kuvuta oili ya giaboksi na kutoa moshi mwingi.

Kagua pia konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, ikiwa bado iko wazi. Ishike, ivute juu na kuisukuma chini bila kuizungusha krenki: usisikie mchezo wowote wa kwenda juu na chini, ingawa mchezo mdogo wa kando kwa kando ni wa kawaida. Kama vipande vya pistoni au vya ringi vimeanguka ndani ya chemba ya krenki, kuimwagia petroli na kuisuuza hakutoshi, ifunguliwe.

Silinda haihukumiwi kwa macho. Ipimwe kwa geji ya ndani, juu, katikati na chini, kwa mielekeo miwili inayokingamana, na pistoni ipimwe kwa maikromita kwenye sketi, kwa pembe ya digrii 90 kutoka kwenye pini inayoiunganisha na konrodi, mahali ambapo mtengenezaji ameelekeza. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo nafasi ya pistoni. Kwa pistoni nyingi za kumimina za ukubwa huu hukaribia milimita 0.05 hadi 0.08, ilhali zilizofuliwa hutaka zaidi kwa sababu hutanuka zaidi zikipata joto. Namba ya mwisho ni ile iliyokuja na pistoni yako. Ikiwa silinda yako ina silivu (bomba la ndani) ya chuma na michirizi inakwamisha ukucha, ichongwe hadi saizi inayofuata, hata kama itakulazimu kubadilisha pistoni uliyonunua. Ikiwa imepakwa utando mgumu wa nikeli, haichongwi kwa njia hiyo. Hupakwa upya au hubadilishwa. Mwambie mchongaji avunje makali ya kingo za matundu ya silinda yanayopitisha mchanganyiko na moshi, kwani ringi mpya ikipita juu ya ukingo mkali hukatika.

Baada ya kuchonga, osha silinda kwa maji ya moto na sabuni, si kwa petroli pekee, kisha ifute kwa kitambaa cheupe chenye oili. Kitambaa kikitoka na rangi ya kijivu, hiyo ni chenga ya jiwe la kuchongea ambayo ingesaga ringi zako. Rudia kuosha mpaka kitoke cheupe, halafu paka oili mara moja maana chuma kitupu hushika kutu haraka.

Ingiza kila ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, upime mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vibati vya kupimia mianya) mahali pasipo na tundu. Kwa silinda ya kipenyo cha milimita 60 hadi 70, mwanya wa milimita 0.2 hadi 0.4 ni wa kawaida, lakini kitabu cha injini yako ndicho kinachoamua. Mwanya ukiwa mdogo mno, ncha zitagongana ringi ikipata joto, na injini itanoki. Unapozivisha, herufi iliyochapwa kwenye ringi itazame juu, na ncha zake zikae pande mbili za kile kipini kidogo kilichomo ndani ya mfereji.

Mshale ulio juu ya pistoni huelekea eksozi. Ukigeuzwa, ncha za ringi zitapita juu ya matundu, na moja ikinasa tu, kazi yote imeharibika. Weka beringi mpya ya sindano na uilowanishe kwa oili, ziba mdomo wa chemba ya krenki kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, ndipo uingize pini na klipu zinazoizuia isitoke. Nakusihi usirudie klipu za zamani kamwe, hata zikionekana nzima. Uwazi wa klipu uelekee juu kabisa au chini kabisa, kwa sababu mwendo wa pistoni huelekea kuibana klipu iliyowekwa kando hadi ichomoke. Kisha isukume klipu kwa bisibisi ndogo kuizunguka yote: ikiwa imeingia kikamilifu kwenye mfereji wake, hutaona ikiinuka popote.

Kuhusu silikoni, jibu ni hapana. Gasketi ya chini iwekwe kavu juu ya nyuso safi zilizonyooka, isipokuwa mtengenezaji ameelekeza vinginevyo. Silikoni inayominywa kwenda ndani hukatika na kuanguka kwenye njia za mchanganyiko, nayo haiwezi kufunika kasoro ya uso uliopinda. Shusha silinda ikiwa imenyooka huku ukibana ringi kwa vidole, na usiizungushe hata kidogo. Ikikataa kushuka, ipandishe uangalie ringi.

Nati nazo zifuate kitabu. Zile zenye uzi wa milimita 8 mara nyingi huwa kati ya Nm 20 na 28, lakini usikaze kwa makadirio yangu. Tafuta namba ya injini yako, kaza kwa spana ya torki, kimshazari, kwa awamu tatu. Uzi uwe safi, na uwe mkavu kama kitabu hakikutaja oili, kwani uzi wenye oili hubana kupita namba inayoonyeshwa.

Kabla ya kurudisha kabureta na eksozi, ziba matundu yote mawili, shusha pistoni hadi chini, na utie hewa ya psi 6 tu, ambayo ni takriban bar 0.4, kupitia kifaa kilichofungwa mahali pa plagi. Shinikizo kubwa zaidi linaweza kuharibu sili. Likishuka kwa zaidi ya psi 1 kwa dakika, paka maji ya sabuni kwenye maungio na pembeni mwa sili ya sumaku, na viputo vitakuonyesha pa kurekebisha. Kwa historia ya injini yako, kipimo hiki kisirukwe.

Katika kuizoesha injini, tumia uwiano uleule wa oili unaoelekezwa na mtengenezaji. Wengi huongeza oili wakidhani wanailinda pistoni mpya, bila kuzingatia kwamba oili hiyo huchukua nafasi ya petroli ndani ya jeti, na hivyo huufanya mchanganyiko kuwa mwepesi zaidi. Washa injini hadi silinda ipate joto la kutosha, zima, iache ipoe kabisa, rudia mara mbili au tatu, kisha hakiki ukazaji wa nati za hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ikiwa baridi kabisa. Katika tangi la kwanza badilisha mwendo mara kwa mara na usivute mafuta hadi mwisho kwa muda mrefu. Baada ya hapo tazama plagi: kauri ikiwa nyeupe kama chaki, ongeza jeti kuu kabla hujairudisha kwenye ile njia ndefu.