Mto haufungwi kufuli

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Ninatafsiri habari za nje katika redio moja hapa Dar es Salaam. Juzi nilipewa habari ya mto Mississippi wa Marekani, nikaandika: 'Serikali yatoa fedha za umma kwa ajili ya kuboresha makufuli na mabwawa ya mtoni ili kurahisisha usafirishaji.' Mhariri akaipitisha, lakini mtangazaji alipofika kwenye 'makufuli' studio nzima ikaangua kicheko. Nimekosea wapi? – Msomaji wa Tabata."

Marahaba. Umekosea, ila si sana, na hao waliocheka wangeulizwa neno lenyewe wangebaki kutazamana. Kufuli tulilipata kwa Waarabu, qufl, na tangu litue pwani halijabadilisha kazi: linaning'inia mlangoni, lina ufunguo wake, na mwizi analikata kwa msumeno. (Anayetaka kuliingiza hapa jina la marehemu Rais wa awamu ya tano amechelewa. Wanafunzi wangu walishamaliza mizaha yote.)

Waingereza huita "lock" kufuli hilo na pia kitu unachokitafuta: chumba cha zege kilichojengwa mtoni, chenye lango mbele na lango nyuma. Chombo kinaingia, lango la nyuma linafungwa, maji yanafunguliwa kutoka upande wa juu bila pampu yoyote, chombo kinapanda pamoja na maji hadi yalingane na ya mbele, kisha lango la mbele linafunguka. Kikiwa kinateremka, mambo yanakwenda kinyume. Sisi hatuna kitu hicho, ndiyo maana hatuna jina lake. MV Liemba iliteremshwa majini Kigoma mwaka 1915 na hadi leo haijawahi kukutana na ngazi ya maji. Basi mara ya kwanza andika "lango la kupandishia vyombo", halafu endelea na "lango" peke yake; msikilizaji atakufuata. Na hicho chombo kibapa cha mizigo, ambacho hukuniuliza lakini nahisi umekiandika "boti kubwa la mizigo", kina jina zamani: tishari. Nenda Kurasini ukamuulize kuli yeyote.

Kuhusu bwawa, tahadhari moja tu. Mtanzania akisikia bwawa anawaza Mtera, Kidatu, Bwawa la Nyerere kule Rufiji, yaani umeme. Mengi ya mabwawa ya Mississippi ya juu unayoyasema hayakujengwa kwa ajili ya taa za mtu. Yalijengwa, mengi yake katika miaka ya 1930, ili yazuie maji yapande, mto upate kina cha futi tisa na matishari yasikwame kwenye mchanga. Ongeza maneno matatu: "mabwawa ya kuongeza kina". Yanatosha.

Sasa tuje kwenye kosa lako halisi, ambalo studio nzima haikulicheka kwa kuwa wote wanalila kila siku kama chapati: kuboresha.

Sina ugomvi na uzazi wake. Bora ni kivumishi, umekipa kiambishi cha kusababisha ukapata boresha, kama safi ilivyozaa safisha na rahisi ikazaa rahisisha. Neno halali, wazazi wanajulikana. Ugomvi wangu ni kazi linayopewa. Siku hizi barabara haipanuliwi, inaboreshwa. Paa la shule halizibwi, linaboreshwa. Gati halichimbwi kina, linaboreshwa. Hata Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ambamo majina mapya yanaandikwa na ya marehemu yanafutwa, nalo "linaboreshwa". Hilo nimelikubali yaishe, maana limeshaingia kwenye nyaraka na mimi ni mzee.

Nikupe mfano ninaoupenda, na wanaonijua watanisamehe kwa kuurudia. Mtaani kwetu kuna mtaro unaopeleka maji ya mvua baharini, au uliokuwa unayapeleka. Mwaka mmoja kabla ya masika kilisimamishwa kibao kikubwa cha bati: MRADI WA UBORESHAJI WA MTARO. Nikamwendea kijana aliyekuwa na kofia ya plastiki na karatasi mkononi.

"Mwanangu, mnauzibua?"

"Tunauboresha, mzee."

"Mnaupanua?"

"Tunauboresha."

"Mtaujengea kwa zege, au mtauongezea kina?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza babu namna ya kutumia simu. "Mzee, yatafanyika maboresho."

Masika ikaja. Maji yaliingia kwa fundi seremala jirani yangu, yakatoka na viti viwili na randa yake. Kibao hakikuguswa. Mwaka uliofuata kilipakwa rangi upya, herufi zikawa nyeupe juu ya bluu, zinasomeka hata kutoka barabara kuu. Jirani yangu akasema, "Mwalimu, usiseme hakuna kilichoboreshwa." Na sikuwa na jibu, maana kisarufi alikuwa sahihi: kibao kilikuwa bora kuliko mwanzo.

Hapo ndipo ulipo ubaya wa neno hili, hasa linapokaa karibu na maneno "fedha za umma". Kupanua kunapimwa. Kurefusha kunapimwa. Kuzibua mtu anakuona umezibua au hukuzibua. Mkaguzi anaweza kwenda na futi kamba. Kuboresha hakuna futi kamba inayokufikia; aliyeandika neno hilo kwenye mkataba amejipa nafasi ya kufanya chochote, au kupaka rangi.

Turudi kwenye mto wako uone hasara uliyoipata. Malango mengi ya Mississippi ya juu yana chumba cha urefu wa futi 600, kama mita 183. Lakini msafara wa kawaida siku hizi ni matishari kumi na tano yaliyofungwa pamoja, matatu kwa upana na matano kwa urefu, yanayosukumwa nyuma na tagi, yaani boti yenye injini, na urefu wake unakaribia mara mbili ya chumba. Kwa hiyo mabaharia wanaukata msafara katikati, nusu inapita, nusu inasubiri, kisha inapita ya pili, kisha wanaanza kufunga kamba za chuma upya. Na nyuma yao foleni inasubiri, mahindi na soya vikiwa ndani. Mwaka 2022, katika fedha za sheria ya miundombinu iliyopitishwa mwaka 2021, zilitengwa dola milioni 732 kwa Lango namba 25 karibu na Winfield, Missouri, ili kijengwe chumba kipya cha futi 1,200. Hiyo ndiyo habari! Msafara utaingia mzima mzima na kutoka mzima mzima. Wewe ukaichukua habari yenye futi, kamba na foleni, ukaitumbukiza ndani ya "kuboresha", ikazama.

Na mto Ohio? Kule Olmsted hawakuboresha kitu. Malango mawili ya kale, namba 52 na 53, yaliwekwa kando na likajengwa jipya mahali pake. Mradi uliidhinishwa mwaka 1988 kwa dola milioni 775. Ulifunguliwa mwaka 2018, ukiwa umekula kama dola bilioni tatu. Kujenga upya, basi. Na ukitaka kuongeza "kwa kuchelewa", sitakuzuia.

Jambo dogo kwenye "Serikali yatoa". Kule wenye matishari wanakatwa tozo ya senti 29 kwa kila galoni ya dizeli, zinaingia kwenye mfuko maalumu, na kwa kawaida ujenzi wa malango unalipwa kwa mfuko huo pamoja na hazina. Uwiano ulianza nusu kwa nusu mwaka 1986, kisha hazina ikazidi kuubeba mzigo. Matengenezo ya kawaida yote ni ya hazina. Si mbali sana na tozo ya mafuta inayoingia Mfuko wetu wa Barabara. Kwa hiyo "fedha za umma" acha, ni sawa, ila habari ikikupa nafasi taja na tozo.

Sasa niandikie hivi: "Marekani yatenga dola milioni 732 kujenga lango refu la matishari katika mto Mississippi." Maneno kumi na matatu, hakuna kufuli wala boresha, na mtangazaji atasoma bila mtu kucheka. Mhariri wako akilirudisha boresha, usigombane naye, una mkataba wa kulinda. Mwambie tu aje mtaani kwetu. Kibao bado kipo, na nasikia mwaka huu kitawekewa taa.