Jibu: Mzani umegoma, kitambi na misuli kwa pamoja inawezekana?

Habari mkuu. Umeuliza kwa nini tangu uanze jimu hapo Moshi mzani umeganda kwenye kilo 80 ingawa unakimbia kila siku na kula mayai mawili, na kama mtu anaweza kukata kitambi huku anajenga misuli. Anaweza, hasa anayeanza kama wewe.

Kwanza achana na mzani. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu kila Jumapili asubuhi kabla ya chai. Kiuno kikipungua na uzito umesimama, uko kwenye njia.

Kisipopungua, angalia sahani. Kwa kilo 80 lenga protini gramu 130 hivi kwa siku. Yai moja lina 6 tu, kwa hiyo mayai yako mawili hayafiki mbali. Mimi najazia kwa dagaa wakavu wa sokoni Mbuyuni, maharage na maziwa mgando, wali napunguza. Usishinde njaa lakini, utapoteza na misuli.

Hizo mbio za kila siku punguza, nyanyua chuma siku tatu kwa wiki ukiongeza uzito kidogo kidogo. Halafu hujasema unalala saa ngapi. Tuambie, maana usingizi mfupi unaharibu yote haya.