Pasheni kwenye komoni sawa, parachichi hapana

SWALI: Shikamoo anti. Napika komoni, hii pombe yetu ya mahindi na kimea cha ulezi, nyumbani hapa Uyole, Mbeya, ya kunywa wenyewe na wageni siyo biashara, sasa nimechoka ladha ile ile. Shemeji kaniletea kokoa toka Kyela, parachichi za Tukuyu zimejaa ndani, na pasheni zipo. Naweza kutia vyote? Na natia wakati gani, nikiwa napika au ikishachacha?

JIBU: Marahaba mwanangu. Vyote kwa mpigo hapana, hata hutajua unakunywa nini. Parachichi we kula na chumvi yako yaishe, lina mafuta mengi na mafuta ndo adui wa povu, alafu yakikaa yanaanza kunuka, sioni sababu ya kuharibu pombe na tunda vyote viwili.

Pasheni ndo yenyewe. Ila usitie kwenye sufuria inayochemka, harufu yote inaondoka na mvuke unabaki na ukali tu. Subiri komoni ichache ile fujo ya mwanzo itulie, ndo unachukua rojo la pasheni kama kilo moja kwa ndoo ya lita 20, unalipasha dakika kumi hivi liwe la kuunguza kidole ila lisitokote, hapo vijidudu vinakufa, unaliacha lipoe kabisa ndo unamimina maana la moto linaua hamira. Sukari ya tunda itaamsha povu upya, usishtuke, na kwa baridi ya Mbeya mwezi wa sita na wa saba mambo yanaenda taratibu sana usije ukadhani imegoma ukamwaga.

Kokoa nayo nzuri, tena mi naona inapatana na kimea cha ulezi kuliko hata pasheni. Chukua punje zilizokwisha vundikwa na kukaushwa, siyo mbichi, kaanga moto mdogo, menya, vunjavunja, funga kwenye kitambaa ulichochemsha, zamisha kwenye komoni siku mbili tatu. Gramu 150 zinatosha kwa ndoo hiyo hiyo.

Na jamani ndoo za bati hapana, pombe ina asidi inalamba ile zinki, tumbo litakuendesha. Tumia plastiki ya chakula.

SWALI: Anti, mi niko Kilolo. Nikitia tangawizi kwenye ulanzi, hii pombe ya utomvu wa mwanzi, nikaufunga chupa ya bia, utakuwa na gesi?

JIBU: Gesi utaipata mpaka ujute! Ulanzi unaanza kuchacha wenyewe tangu kwenye mwanzi, ukiufunga kwenye kioo ukiwa bado mtogwa, yaani mchanga na mtamu, gesi inakosa pa kutokea, chupa inapasuka na vioo vinaruka machoni. Tangawizi tia kidogo tu, ukizidisha unakunywa dawa ya kikohozi. Chukua chupa ya plastiki ya soda, acha nafasi juu, ibonyeze asubuhi na jioni, ikikakamaa legeza kifuniko. Na uunywe mapema, ukichelewa utakuta mkangafu, ule mkali uliochacha sana, na ile tangawizi huisikii tena.