Maswali ya Wasomaji: Dai la Bima Likirudi, Usikimbilie Kulituma Tena

Barua za safari hii zinatoka kwa wanaosomea mtandaoni kazi ya kuandaa madai ya bima za matibabu za Marekani, ambako kila ugonjwa na kila huduma huandikwa kwa msimbo, yaani alama fupi ya herufi au tarakimu. Nne ni za Waswahili wanaoishi huko, moja imetoka Nairobi.

SWALI: Shikamooni. Huu ni mwezi wangu wa tatu kwenye kozi na misimbo haikai kichwani. Nikifunga kitabu tu, yote imeyeyuka. Wenzangu wanakesha wakikariri. Nitaweza kweli? (Dada, Columbus, Ohio)

JIBU: Marahaba, dada. Waache wakeshe. Mitihani ya AAPC, chama cha Marekani kinachotoa vyeti vya kazi hii, hufanywa vitabu vya misimbo vikiwa wazi mezani. Isitoshe, misimbo yenyewe haitulii: ile ya magonjwa, ICD-10-CM, hubadilishwa kila tarehe 1 Oktoba, na ile ya huduma, CPT, kila tarehe 1 Januari. Ulichokikariri mwaka huu huenda mwakani kimefutwa.

Kinachopaswa kukaa kichwani ni umbo na njia. Msimbo wa ugonjwa huanza na herufi na una alama 3 hadi 7. CPT ya kawaida ina tarakimu 5. HCPCS ya vifaa na dawa ina herufi moja na tarakimu 4. Ukiujua umbo, msimbo uliokosewa utauona kabla hata ya kufungua kitabu.

Njia ni fahirisi kwanza, kisha orodha yenyewe ya misimbo. Wengi huruka hatua ya pili, na hapo ndipo alama za mtihani zinapopotea. Chukua mgonjwa wa kisukari aina ya pili ambaye kisukari kimemharibu figo, nazo zimefika hatua ya 3a. Fahirisi itakupeleka E11.22. Ukiishia hapo umekosa, kwa sababu kwenye orodha, chini ya msimbo huo, kuna agizo la kuongeza msimbo wa hatua ya figo. Kwa hiyo unaandika E11.22 kwanza, halafu N18.31. Agizo hilo utalikuta kwenye orodha, si kwenye fahirisi.

Angalia na upande wa mwili. Maumivu ya goti la kulia ni M25.561, la kushoto M25.562, na M25.569 ni pale ambapo upande haukutajwa. Ikiwa daktari ameandika kulia nawe ukaweka 569, umemwachia mkaguzi wa bima sababu ya kukurudishia kazi.

Badala ya kukariri, fungua daftari la makosa. Kila kosa liwe na mistari mitatu: ulichoandika, kilichotakiwa, na agizo gani hukulisoma. Baada ya wiki chache utaona unakosea mambo manne au matano tu, yaleyale.

SWALI: Mwalimu alitupa zoezi. Daktari ametoza dola 200, bima imelipa 96. Mimi nikaandika mgonjwa anadaiwa 104. Nikapata sifuri, bila maelezo. (Minneapolis)

JIBU: Sifuri umeistahili, ila maelezo ulistahili pia. Umetoa 96 kwenye 200 bila kusoma safu ya katikati ya taarifa ya malipo, yaani bei iliyokubaliwa kwenye mkataba kati ya daktari na bima. Tuchukulie kuwa katika zoezi lako bei hiyo ilikuwa dola 120, na sehemu ya mgonjwa asilimia 20. Hesabu yake ni hii:

Dola 80 zimewekewa alama ya sababu CO-45. Hizo ni ziada juu ya bei ya mkataba. Daktari anazifuta, hazidaiwi kwa mtu yeyote.
Dola 24 zimewekewa PR-2. Hiyo ndiyo asilimia 20 ya 120, na ndiyo pekee anayodaiwa mgonjwa.
Dola 96 ni malipo ya bima.

Jumlisha: 80, 24 na 96 ni 200. Mstari usiporudi kwenye bei ya mwanzo, kuna kitu hukukisoma. CO ni mzigo wa mtoa huduma, PR ni mzigo wa mgonjwa. Ukimpelekea mgonjwa bili ya 104 wakati daktari ana mkataba na bima hiyo, umevunja mkataba, na mgonjwa akipiga simu ya malalamiko jina litakalotafutwa ni la aliyeandika bili.

Zoezi gumu kidogo ni la mgonjwa ambaye bado ana dola 50 za kulipa mwenyewe mwaka huo kabla bima haijaanza kuchangia. Hizo zinatolewa kwanza kwenye 120 na huandikwa PR-1. Zinabaki 70, asilimia 20 yake ni 14, na bima inalipa 56. Mgonjwa anadaiwa 64. Ukichukua asilimia 20 ya 120 kabla ya kutoa zile 50, jibu litaharibika, na hilo ndilo kosa tunaloliona zaidi kwenye kazi za wanafunzi.

SWALI: Niko kwenye mafunzo ya vitendo katika kliniki ndogo. Dai likirudi, ninaambiwa nilitume tena tu. Yanazidi kurudi. Tatizo ni nini? (Louisville, Kentucky)

JIBU: Tatizo ni hilo neno "tena tu". Dai lililorudishwa na dai lililokataliwa ni vitu viwili.

Lililorudishwa halijaingia kwa bima. Limekwama kwenye kampuni ya kati inayochuja madai, au mlangoni kwa bima yenyewe, kwa sababu namba ya mwanachama imekosewa, msimbo umekwisha muda au kisanduku kimeachwa wazi. Hili unalirekebisha na kulituma kama dai jipya.

Lililokataliwa limepokelewa, limesomwa, limepewa namba, na limeamuliwa. Ukilituma upya kama jipya, linarudi na CO-18, yaani nakala. Ndiyo maana yanazidi kurudi. Kwa bima nyingi za binafsi unatuma dai lililosahihishwa: kwenye CMS-1500, yaani fomu ya madai ya madaktari, kisanduku cha 22, unaweka 7 pamoja na namba ya dai la kwanza. Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, haitumii hiyo 7 kwa madai ya madaktari. Huko unaomba dai lifunguliwe kurekebisha kosa dogo, au unakata rufaa ndani ya siku 120 tangu kupokea uamuzi. Isipokuwa taarifa ikiwa na alama MA130: hapo Medicare inasema dai halikuweza kushughulikiwa kabisa, rufaa haipo, lirekebishe na ulitume jipya.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitufe cha kutuma, soma sababu. CO-27: bima ilikuwa imekatika siku ya huduma, rudi mapokezi uulize kama walihakiki kuwa iko hai. CO-197: kibali cha bima hakikuombwa, au kiliombwa lakini namba yake haikuandikwa kisanduku cha 23. CO-11: ugonjwa na huduma haviendani, mara nyingi msimbo ni sahihi ila kwenye kisanduku cha 24E umeelekeza mstari kwa ugonjwa mwingine. CO-29: umechelewa. Medicare inatoa mwaka mmoja tangu siku ya huduma, lakini bima nyingi za binafsi hutoa siku 90 au 180. Ushahidi wa kuwahi ni ripoti inayoonyesha bima ililipokea dai. Picha ya skrini inayosema "limetumwa" haitakusaidia kitu.

Kuna jambo la majina pia, na hapa wasomaji wetu wana macho kuliko wengi. Mgonjwa aliyetoka Kongo au Burundi anaweza kuwa na majina matatu, na mapokezi wakayapanga wanavyosikia. Dai lifuate kadi ya bima, herufi kwa herufi, hata kama kadi imelikosea jina. Jina likarekebishwe kwa bima kwanza. Wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe ya kuzaliwa 1 Januari. Usiibadilishe kwa kudhani ni makosa ya uchapaji, na usimtafute mgonjwa kwenye programu kwa tarehe hiyo peke yake, maana utafungua faili la mwingine. Namba ya Medicare nayo ina alama 11, na haina kabisa herufi S, L, O, I, B wala Z. Ukiona kama O, ni sifuri. Ukiona kama B, ni 8.

SWALI: Nianze na cheti kipi, CPC au CPB? Na kazi ya kufanyia nyumbani inapatikana mara moja kama chuo kinavyotangaza? (Dallas, Texas)

JIBU: Swali la pili kwanza: mara moja, hapana. Matangazo mengi ya kazi za nyumbani hutaka uzoefu wa mwaka mmoja au miwili. Mlango wa kuingilia ni mapokezi, kuhakiki bima, kuingiza malipo kwenye akaunti, au kufuatilia madai yaliyokataliwa. Kazi hiyo ya mwisho haipendwi, ndiyo maana nafasi zake hazikauki, na ndiyo inayofundisha haraka zaidi.

CPC ni ya kuweka misimbo: maswali 100, saa 4, kufaulu ni asilimia 70. Ukifaulu bila uzoefu unapewa CPC-A, na hiyo A hubaki mpaka uthibitishe uzoefu au mafunzo ya ziada yanayokubalika. CPB ni ya madai na malipo: maswali 135, saa 4, asilimia ileile. Anayependa hesabu na haogopi kubishana na bima kwenye simu aanze na CPB. Anayependa kusoma maandishi ya daktari aanze na CPC, ambayo waajiri huitaja zaidi.

Kwenye wasifu, Kiswahili chako kiandike juu, si chini kabisa pamoja na mambo unayoyapenda. Kliniki yenye wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki inahitaji mtu wa kumweleza mama mzee kwa nini bili imemfikia.

Na ukipata "mwajiri" anayekutumia hundi ununue kompyuta kisha umrudishie chenji, kimbia. Hundi itakataliwa benki, na pesa uliyotuma itakuwa imetoka mfukoni mwako.

SWALI: Naweza kusoma kozi hii nikafanya kazi ya Marekani nikiwa hapa? (Nairobi)

JIBU: Inawezekana, ila uliza kabla hujalipa ada kwa dola. Sheria ya HIPAA ya 1996, inayolinda siri za taarifa za wagonjwa, yenyewe haikatazi kazi kufanyiwa nje ya Marekani, lakini mikataba ya Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ya baadhi ya majimbo inakataza taarifa za wagonjwa zisitoke nchini. Kwa hiyo usimuulize mwajiri "mnaajiri Wakenya?" Muulize ni bima zipi utakazoshughulikia. Akisema ni Medicaid, ataje jimbo.

Pia jua CPT na CMS-1500 ni vya Marekani. Ukiomba kazi hospitali ya hapo, ambako SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa, tarehe 1 Oktoba 2024, utajifunza mfumo mwingine. Kitakachokufaa ni mazoea ya kuhakiki bima na kibali kabla ya huduma.

Halafu saa. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni kwako wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja wakati wa baridi. Zamu ya muda wa saa nane itakufikisha saa sita au saa saba usiku, umeme na intaneti vikiwepo. Taarifa za wagonjwa zisiingie kwenye simu yako wala WhatsApp, hata picha moja ya kumuuliza mwenzako msimbo.