Tairi la mbele linakataa kona

SWALI: Fundi, nina pikipiki ya motokrosi, Yamaha YZ250F ya mtumba, nami nina kilo 95. Kwenye kona za mchanga tairi la mbele linanitupa nje. Nimekaza klika (skrubu za kurekebisha ugumu) za shokapu za mbele, wapi!

JIBU: Klika ziache kwanza, kaka. Weka pikipiki juu ya stendi, pima toka ekseli ya nyuma hadi alama ya chaki kwenye madigadi. Ishushe, vaa helmeti, buti na kila kitu, ikalie, mwenzako apime tena. Tofauti iwe kama milimita 100. Ikizidi, nyuma imezama na mbele hakuna uzito wa kung'ata mchanga. Kaza ringi inayobana springi ya nyuma hadi upate kipimo hicho. Kisha shuka. Pikipiki tupu ikizama pungufu ya milimita 30 toka kipimo cha stendi, ujue umelazimika kuibana springi kupita kiasi ili ikubebe: ni laini mno kwa kilo zako. Tafuta ngumu zaidi; stika utanunua baadaye.