Dizeli, petroli au umeme kwa mtu wa Kimara? Jibu la fundi

Mkuu mleta mada, nimeusoma uzi tangu mwanzo. Unaishi Kimara, Dar es Salaam, kazi yako Posta katikati ya mji, watoto unawashusha shule njiani, Jumamosi unakwenda shambani Kibaha. Orodha yako imebaki na magari matatu: Mazda CX-5 ya dizeli, Toyota IST ya petroli, na Nissan Leaf ya umeme ya 2014 yenye betri ya 24 kWh, yaani uniti 24. Umeuliza ipi inakula kidogo na ipi inachafua hewa kidogo. Badala ya kujibiwa, wadau wamegawanyika: mmoja anasema dizeli ndiyo sumu yenyewe, mwingine anasema gari ya umeme ni kiinimacho, moshi umehamishiwa Kinyerezi tu, kwenye mitambo ya umeme wa gesi. Mimi ni fundi, kazi yangu kubwa ni dizeli za kutoka Japani, na siku hizi naletewa na Leaf. Nitajibu kwa ninayoyashika kwa mkono.

Kwanza tusichanganye mambo. Kuna kaboni dioksaidi, ambayo haionekani, hainuki wala haikohozeshi mtu, lakini ndiyo inayoipasha dunia joto. Hiyo haina ujanja, inafuata lita ulizochoma. Lita ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3, lita ya dizeli kama kilo 2.7. Halafu kuna uchafu unaobaki palepale mtaani: masizi, oksidi za naitrojeni, mafuta ambayo hayakuungua vizuri. Huo ndio anaouvuta mama ntilie wa Ubungo na mwanafunzi aliyesimama kituoni akigombania daladala. Gari inaweza kuwa nzuri kwenye hesabu ya kwanza na mbaya kupindukia kwenye ya pili. Dizeli ndiko iliko.

Kwa ulaji, dizeli ina haki ya kusifiwa. Injini ya petroli ukiendesha taratibu inabanwa pumzi: kipepeo kinaziba njia ya hewa, na injini inapoteza nguvu yake yenyewe kuivuta hewa kwenye upenyo mdogo. Dizeli haibanwi hivyo. Ikihitaji nguvu kidogo inapunguza mafuta tu, hewa inaendelea kuingia. Juu ya hapo ina mgandamizo mkubwa na lita yake imebeba nishati zaidi. Ndiyo maana CX-5 ya 2.2, pamoja na uzito wake, ukiiweka mwendo wa 80 hadi 100 kuelekea Morogoro inakupa kilomita 15 au zaidi kwa lita. Lakini usilinganishe lita kwa lita ukadhani umemaliza. Dizeli inayokwenda kilomita 14 kwa lita inatoa kama gramu 190 za kaboni dioksaidi kwa kila kilomita. IST inayokwenda kilomita 11 kwa lita kwenye msongamano wa mjini inatoa kama 210. Faida ipo, ila ni ndogo kuliko wanavyoipigia debe, na nimeipa dizeli barabara nyeupe huku IST nikaiacha kwenye foleni.

Sasa shida yenyewe. Kwa sababu dizeli inaungua kwa hewa nyingi kuliko inayohitajika, yale masega ya kwenye ekzosi ya petroli, kile kisafisha moshi chenye matundu, hayawezi kuua oksidi zake za naitrojeni. Na kwa sababu mafuta yanapulizwa ndani ya joto kali na kuanza kuwaka kabla hayajachanganyika na hewa sawasawa, masizi hayakosekani. Ndiyo maana dizeli za kisasa zina DPF, chujio la kauri linalonasa masizi. Likijaa, kompyuta inapandisha joto la ekzosi mpaka kama nyuzi 600 ili masizi yaungue. Kazi hiyo inataka injini iliyopata moto vizuri na barabara inayokwenda, dakika kumi na tano, ishirini, bila kukatishwa.

Kimara hadi Posta asubuhi utaipata wapi barabara hiyo?

Juzijuzi mteja kaniletea CX-5 imekosa nguvu, taa ya DPF inawaka na kuzima. Nikachomoa kijiti cha oili. Kwenye kijiti cha gari hiyo, juu ya alama ya kujaa kuna alama nyingine ya X. Oili ilikuwa imeipita X, nyepesi, inachuruzika, na ukiinusa unasikia dizeli waziwazi. Yeye alidhani fundi aliyefanya sevisi alizidisha. Hapana. Kompyuta ilikuwa inajaribu kuchoma masizi kwa kupuliza dizeli ya ziada mwishoni mwa mwako ili ikaungulie kwenye ekzosi. Gari inazimwa katikati ya zoezi, kesho zoezi linaanza upya, na sehemu ya dizeli ile inateremka kando ya pistoni mpaka kwenye oili. Safari zake zilikuwa fupifupi, nyumbani na dukani. Gari haikuwa na ubovu mwingine wowote, ilikuwa imepewa maisha yasiyo yake.

Na huwa inaishia wapi? Kwa grainda. DPF inapasuliwa, kauri inavunjwavunjwa na kumwagwa, kopo linachomelewa tena lionekane zima, kisha mtu wa kompyuta anaifuta DPF kwenye programu. Mwenye gari anafurahi, nguvu zimerudi. Ila sasa anaendesha dizeli ya 2014 inayotema masizi kama ya miaka ya tisini, tena masizi madogo sana yanayopenya mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kumletea binadamu saratani. Volkswagen walipokamatwa mwaka 2015, magari kama milioni 11 yakiwa na programu ya kujifanya safi siku ya kupimwa, tuliwacheka. Wao walidanganya kwa kompyuta, sisi tunadanganya kwa grainda na kompyuta vyote viwili.

Ukitaka kuijua iliyokatwa, injini ikiwa imepoa ingiza tishu nyeupe ndani ya mdomo wa ekzosi uizungushe. Dizeli yenye DPF nzima, tishu inatoka safi au ina vumbi tu. Ikitoka nyeusi tii, ama imekatwa ama kauri imepasuka. Kipimo cha senti tano hicho, muuzaji hawezi kukuzuia.

Kuna mdau alisema tatizo ni mafuta ya huku. Zamani ilikuwa kweli. Tangu Januari 2015 kiwango cha salfa kwenye dizeli ya Afrika Mashariki kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni. Ukijaza kwenye sheli ya maana, kisingizio cha mafuta kinapungua sana. Ukijaza ya kwenye madumu kando ya barabara, hilo ni lako na nozeli zako.

IST sina mengi ya kuisema, na hiyo ndiyo sifa yake. Injini ndogo ya petroli yenye masega mazima na plagi nzuri, ikishapata moto, moshi wake kwa mtaani ni mdogo sana. Uchafu mwingi inautoa dakika za mwanzo, masega yakiwa bado ya baridi. Ulaji wake foleni ndio unaouma: ukikaa na kiyoyozi, saa moja ya kunguruma bila kusogea inaweza kumaliza karibu lita nzima. Angalia vitu viwili. Moshi wa bluu ukiikanyaga, maana yake inakula oili. Na masega, kwa sababu yana platinamu na paladiamu na wanunuzi wake wapo mjini. Magari mengi yametolewa masega hata mwenyewe hajui, kayaacha kwa fundi siku moja ya kurekebisha ekzosi, basi.

Aliyeshauri ufunge mfumo wa gesi hajakosea. Kilo moja ya gesi inafanya kazi ya petroli lita moja na nusu hivi, haina masizi ya kutaja, na kaboni inashuka kama robo. Unapoteza buti, na foleni ya kujaza unaijua.

Tuje kwenye Leaf, maana hapo ndipo watu wanaropoka zaidi. Lita ya petroli ina nishati ya karibu uniti 9 za umeme. IST inaichukua lita hiyo inakwenda kilomita 11, nishati iliyobaki inatoka kama joto kwenye rejeta na ekzosi. Leaf ukiipa uniti 9 hizohizo, pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji, inakwenda zaidi ya kilomita 50. Kwenye foleni ndiyo inakuacha mdomo wazi. Ikisimama, mota imesimama. Kinachokula ni kiyoyozi na taa, uniti moja hivi kwa saa. Na ukishuka mlima wa Kimara kuelekea Ubungo, sehemu ya umeme inarudi kwenye betri, breki zinapumzika, hata vumbi la pedi linapungua.

Kwa pesa: LUKU ya elfu kumi, ukiacha kodi ya jengo, inakupa uniti 28. Leaf inataka uniti kama 17 kwa kilomita 100, yaani shilingi elfu sita na kidogo. IST kwa kilomita hizohizo inataka lita 9. Bei ya lita inabadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati, wakitangaza, lakini weka elfu tatu kwa urahisi wa hesabu, umefika elfu ishirini na saba.

Je, moshi umehamia Kinyerezi? Kwa sehemu, ndiyo. Tuchukulie kila uniti unayochaji imetoka kwenye gesi ya Songosongo, hali mbaya kuliko halisi. Mtambo wa gesi unatoa kama nusu kilo ya kaboni dioksaidi kwa uniti, kwa hiyo Leaf yako ingebeba gramu 85 kwa kilomita, chini ya nusu ya IST. Na siku hizi si gesi peke yake. Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, mtambo wake wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na umeme wake hauna moshi. Wenzetu wa Kenya wako mbali zaidi, karibu asilimia 90 ya umeme wao ni mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Halafu hata moshi wa Kinyerezi hautokei usawa wa pua ya mtoto aliyesimama kituoni.

Wapo wanaosema gari ya umeme si safi kwa sababu ya betri yake, na hoja hiyo naikubali zaidi. Kuitengeneza kunachafua, na kobalti ya betri nyingi za dunia inachimbwa Congo, upande wa Kolwezi, na wapo wanaoichimba kwa mikono katika hali ambayo hakuna kati yetu angemtakia ndugu yake. Hilo halifutiki kwa hesabu ya gramu. Kwa Leaf ya 2014, ilishatengenezwa na kutembea Japani miaka yote hiyo. Usipoinunua wewe, uchafu wa kuitengeneza haurudi ardhini. Na kwa kaboni peke yake, IST ikitembea kilomita 12,000 kwa mwaka inatoa tani 2.5. Betri ndogo ya 24 kWh deni lake la kaboni halichukui miaka mingi kulipika.

Kitakachoamua ni afya ya betri. Leaf za miaka hiyo betri yake haina mfumo wa kuipoza, inategemea upepo tu, na joto ndilo adui yake. Kwenye dashibodi, kulia kwa geji ya chaji, kuna vimstari vidogo 12. Cha kwanza kikipotea, betri imeshapoteza kama asilimia 15. Kila kinachofuata ni sita na kidogo. Ikibaki na tisa, una asilimia 70 hivi, na hapo usiipange zaidi ya kilomita 80 kwa chaji. Kwako inatosha: Posta na kurudi haifiki 40, Kibaha na kurudi kama 50. Ila wajanja wanaifuta kumbukumbu ya betri vimstari vyote 12 virudi, na vinaanza kupotea tena baada ya muda. Chomeka kifaa cha OBD, kile cha kusomea kompyuta ya gari, fungua programu ya Leaf Spy kwenye simu, usome afya halisi. Asiyekubali uchomeke, muage.

Nyumbani usichaji kwa ekstensheni. Vuta waya wake mnene kutoka kwenye meinswichi, wenye ardhi ya kweli. Soketi ya kawaida ikibeba mzigo huo saa saba kila usiku, nimeshaziona zimeyeyuka.

Kwa hiyo kwa njia zako naiweka Leaf mbele kama betri ina asilimia 70 kwenda juu, IST ya pili, na CX-5 siiweki kabisa. Ingekuwa kazi yako ni Dar na Dodoma kila wiki, ningekwambia chukua dizeli, DPF yake nzima, na ungekula raha. Kama ni mtu wa kwenda mji wa Moshi kila Desemba, na Leaf unaitaka, basi Krismasi utapanda basi.

Weka hapa picha ya dashibodi ya hiyo Leaf ikiwa imewashwa, na ya ukurasa wa kwanza wa Leaf Spy ukiipata, nikuangalizie kabla hujatoa hela ya watu.