Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Filamu za Mwigo wa Mzaha Zimefifia?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mwanangu tulitazama Airplane! ya mwaka 1980 tukacheka hadi machozi yakatutoka. Siku iliyofuata tukatazama Disaster Movie ya mwaka 2008, ambayo nayo huiga filamu nyingine kwa mzaha, lakini hakuna aliyecheka kati yetu. Je, aina hii ya filamu imekufa, au sisi ndio tuliochagua vibaya?

JIBU: Ndugu msomaji, mmechagua vizuri kuliko mnavyodhani, kwa kuwa filamu hizo mbili zikiwekwa pamoja zinaeleza karibu kila kitu kuhusu ubora wa sanaa hii na kufifia kwake.

Watunzi wa Airplane!, yaani Jim Abrahams na ndugu wawili David na Jerry Zucker, waliijengea juu ya filamu moja ya mwaka 1957 iitwayo Zero Hour!, iliyosimulia kwa uzito wote habari za marubani waliolemewa na sumu ya chakula wakiwa angani. Walinunua haki za filamu hiyo, wakalibakiza jina la shujaa wake kwa kubadili herufi moja tu, na wakayachukua baadhi ya mazungumzo yake jinsi yalivyokuwa. Kisha wakafanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mafanikio yao: waliwapa nafasi kuu waigizaji waliozoeleka kwa sura kavu na sauti za mamlaka. Leslie Nielsen, kwa mfano, alikuwa nahodha wa meli inayopinduka katika The Poseidon Adventure ya mwaka 1972, na hapa anatamka maneno ya kipuuzi kwa utulivu uleule wa nahodha. Hakonyezi jicho wala hatabasamu, na kwa sababu hiyo mtazamaji huachiwa kazi ya kuugundua mzaha mwenyewe. Filamu hiyo iligharimu takriban dola milioni 3.5 na kuingiza zaidi ya dola milioni 80 nchini Marekani na Kanada.

Mwongozaji Mel Brooks alikuwa amekwisha kuonyesha uangalifu kama huo mwaka 1974 katika Young Frankenstein, mwigo wake wa filamu za zamani za kutisha za Frankenstein, aliposhikilia kwamba ipigwe kwa rangi nyeusi na nyeupe, akaazima hata mitambo ya umeme iliyotumika katika Frankenstein ya mwaka 1931. Mtu hahangaiki kiasi hicho kwa kitu anachokidharau. Naamini kwa dhati kwamba mwigo wa mzaha ni aina ya uhakiki, na pengine ndio uhakiki unaopendeza kuliko wote, kwa kuwa hutufundisha jinsi hadithi zinavyoundwa huku tukicheka.

Disaster Movie ilikwenda njia nyingine kabisa. Licha ya jina lake, haikuzichunguza filamu za maafa na kanuni zake, bali ilikusanya wahusika waliovuma mwaka huohuo, wakiwemo Iron Man na Hulk, ikawapitisha mbele ya kamera na kuwaangushia vitu. Kumtambua mhusika kukageuzwa kuwa ndio mzaha wenyewe, na mzaha wa namna hiyo huchakaa pindi mhusika anaposahauliwa. Mfululizo wa filamu za aina hiyo uliotoka kati ya mwaka 2006 na 2008 uliwachosha watazamaji kiasi kwamba hata kazi nzuri ziliumia: Walk Hard ya mwaka 2007, inayoiga kwa ustadi filamu za maisha ya wanamuziki, haikurudisha gharama zake katika majumba ya sinema.

Ipo sababu nyingine, nayo haitokani na uvivu wa mtu yeyote. Filamu kubwa za leo hujitania zenyewe. Shujaa huokoa dunia huku akiidhihaki hatari inayomkabili. Mwigo huhitaji kitu kinachojichukulia kwa uzito, kama vile kivuli kinavyohitaji mti. Hata hivyo, sisemi kwamba sanaa hii imekufa. Mwaka 2025 The Naked Gun, mwigo wa filamu za polisi ambao zamani nyota wake alikuwa Nielsen, ilirudi safari hii nyota wake akiwa Liam Neeson, mwigizaji tuliyezoea kumwona akikunja uso katika filamu za mapambano, na uteuzi huo ni ule ule uliomfaa Nielsen.

SWALI: Je, ni lazima niijue filamu inayoigwa ili niufurahie mwigo wake?

JIBU: Mara nyingi hapana. Wengi waliocheka wakitazama Airplane! hawakuwahi kuisikia Zero Hour!; walizijua tu desturi za filamu za ndege iliyo hatarini, na hilo lilitosha. Kwa Young Frankenstein, hata hivyo, ningekushauri utazame kwanza Son of Frankenstein ya mwaka 1939. Humo utamkuta mkaguzi wa polisi mwenye mkono wa mbao, ambaye kwa uzito kamili huuchomeka mkono wake vishale wakati wa mchezo wa kulenga shabaha. Ukishamwona huyo, utaelewa kwa nini Brooks hakuhitaji kuongeza mengi.